Dungu la Mzee Anselmo

Lidia aliniandikia kutoka Ureno asubuhi moja nikiwa nimesimama juu ya msingi wa madrasa, nabishana na fundi kuhusu upana wa mlango. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi. Anselmo amefariki, amezikwa kijijini kwa mama yake, na studio inaandaa kitabu cha kazi zake zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Aliniomba vitu viwili: maneno mia moja kuhusu nyumba ya Maparoni, na picha yoyote niliyo nayo, kwa sababu katika makabati yao ya Porto, ambamo hata vitasa alivyowahi kuchora Anselmo vimehifadhiwa, nyumba ile haimo. Nilimjibu kwamba picha sina. Kuhusu maneno mia moja nilinyamaza, nikarudi kwenye mlango wangu. Fundi akaniuliza kama kuna msiba, nikamwambia ndiyo, wa bosi wangu wa zamani, Mreno. Akasema pole sana mama, kisha akauliza kama mlango ubaki futi tatu. Nikasema tatu na nusu, maana watoto hutoka madrasa wote kwa mpigo. Sikulia. Nilimheshimu mtu yule, nikamkasirikia, na kwa miaka mingi sikumkumbuka ila nikishika penseli ngumu, aina aliyoipenda yeye. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika chuo cha ufundi nitaziruka. Kila mtu wa umri wangu aliyesoma anazo, na zote zinafanana. Nitaanzia Kibiti, chumbani tulimofanyia kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Kibiti ilikuwa haijawa wilaya, lami ndiyo kwanza ilikuwa inatusogelea, na vumbi la malori liliingia hadi ndani ya sufuria. Studio ilipanga nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya maduka ya barabarani, na chumba cha mbele kikawa ofisi. Anselmo alikataa kununua meza. Alimwagiza seremala milango minne isiyopakwa rangi, akailaza juu ya viunzi vya mbao, akasema mlango ndicho kitu pekee ambacho seremala wa nchi yoyote hawezi kukikosea. Kulikuwa na feni iliyozunguka umeme ukiwepo, kompyuta moja iliyofunikwa kanga kwa ajili ya vumbi, na mimi. Wengine walikuja wakaondoka, vijana wa Kireno wenye mikoba mizuri na matumbo dhaifu. Lidia, aliyekuwa msaidizi wake mkuu kule Porto, alikaa wiki tatu, akapata malaria, akarudi kwao. Niliyebaki mwaka mzima ni mimi, mchoraji na mkalimani, kwa kuwa nilikuwa na cheti cha kuchora ramani na Kiingereza cha kutosha kumwelewa mtu ambaye naye Kiingereza chake kilikuwa cha kutosha tu.

Saa saba kamili tulikula. Bi Siwema, mpishi wetu, mjane wa makamo asiyeogopa mtu, alitandika mkeka uani akaweka sinia moja, na kanuni ya Anselmo ilikuwa kwamba kwenye mkeka kazi haizungumzwi. Kwa hiyo alizungumzia kazi za zamani, ambazo yeye hakuzihesabu kuwa kazi. Siku moja alitoa sandukuni samaki mkavu, mgumu kama ubao, mwenye chumvi ya kumwumiza mtu ulimi, akasema hicho ndicho chakula cha heshima kwao, huliwa hata sikukuu. Bi Siwema alimgeuza mkononi, akamnusa, akacheka mpaka akakaa chini. "Lo! Kumbe Wazungu nao wanakula ng'onda? Na mie miaka yote nadhani ni shida zetu." Nilimtafsiria Anselmo, naye akacheka kidogo, kwa pua. Hakuwa mtu wa kucheka. Tulimla samaki yule kwa wali na tui, na Bi Siwema akakiri kwamba akilowekwa siku mbili analika.

Kwenye mkeka ule ndiko nilikoisikia historia yake, vipande vipande, siku moja hiki na siku nyingine kile. Ujanani alichukuliwa jeshini akapelekwa Msumbiji, upande wa Ruvuma. Alisema kule alichimba vyoo na kuchora nyumba za watu katika daftari, na zaidi ya hapo hakusema, na Bi Siwema, ambaye huuliza kila kitu, hilo hakuliuliza. Baada ya mapinduzi ya kwao, wasanifu vijana walitumwa kwenye mitaa ya mabanda kubuni nyumba pamoja na wenyeji. Huko ndiko alikojifunza mtindo aliokuja nao kwetu: kabla ya kujenga nyumba, unajenga chumba kimoja cha mfano, kwa kipimo halisi, watu waingie, wakae, walale, ndipo ramani ikamilike. Kisha ikaja benki, ikaja maktaba, ikaja makumbusho ya kuta nyeupe ambayo watu walipanda ndege kwenda kutazama ngazi zake. Zikaja tuzo. Aliitaja miaka ya tuzo kama mtu anavyotaja miaka aliyougua. Sasa alikuwa na miaka sitini na ushei, vijana wa studioni wanataka maghorofa, na yeye alitaka nyumba moja ndogo kabla mkono haujaanza kutetemeka. Wauguzi fulani wa mji wake walikuwa wamechangishana kujenga nyumba ya kungojea uzazi huku kwenye delta ya Rufiji, wakamwomba ramani ya bure. Aliwaletea ramani, na yeye mwenyewe akaja nayo.

Ramani aliyokuja nayo ilikuwa ya zege, nyumba juu ya miguu minene, na hakuipenda. Kila asubuhi aliitazama na kuigeuza kifudifudi. Siku moja umeme ulikatika, nami kwa kukosa la kufanya nikachora nyuma ya karatasi dungu la bondeni. Watu wa Rufiji hawahitaji kuelezwa, lakini wengine huenda hawalijui: ni kibanda cha makuti juu ya nguzo, kina ngazi ya miti, ambamo mkulima na familia yake huhamia msimu wa mpunga, maji yakija yapite chini, na wakati huohuo walinde shamba lisiliwe na nguruwe, ngedere na viboko. Nililichora vizuri. Niliweka kivuli chini ya sakafu, fito za ukutani zinazopitisha upepo, na kanga iliyoanikwa. Anselmo alinichukulia karatasi mkononi, akaenda nayo dirishani, akakaa nayo muda mrefu. Kesho yake alitaka aoneshwe dungu lenyewe. Tukashuka bondeni, mpunga ulikuwa unakaribia kuiva, na mama mwenye shamba akatukaribisha juu akatupa pepeta. Anselmo aliketi sakafuni, akatafuna zile punje laini za mpunga mchanga, akapapasa vifundo vya kamba, akasema: "Miaka arobaini naitafuta nyumba hii." Mama akaniuliza kasemaje. Nikamwambia kapapenda. Akasema, "Basi ahamie, mie nipumzike." Hilo sikulitafsiri. Nilikuwa nimejaa furaha. Kati ya wachoraji wote waliowahi kufanya kazi na mtu yule, mimi wa Kibiti ndiye niliyempa alichokuwa anakitafuta, na nakiri kwamba kwa miezi kadhaa nilitembea barabarani nikijiona mtu.

Maparoni, kijiji cha deltani ambako nyumba ingejengwa, unafika kwa boti kutoka Nyamisati, na saa za kufika hupangi wewe, hupanga maji. Yakikupwa mifereji hubaki tope, na boti inalala ubavu hadi yajae. Mwanamke akishikwa na uchungu katika kitongoji cha mbali saa ambayo maji yamekupwa, basi imekuwa hivyo. Nesi Tatu, mkunga wa zahanati, alitueleza siku ya kwanza, mbele ya chai iliyochemshwa kwa kuni za mkandaa, maana pale hata moto hukokwa kwa mikoko. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. "Mzee, mie shida yangu ni moja. Nataka waje wiki tatu kabla, walale hapa. Wakilala, nitawazalisha salama. Wasipolala, mnijengee hata jumba la sultani, halinisaidii kitu. Mwezi uliopita nimempoteza mmoja mtumbwini, naiona zahanati kwa macho yangu." Anselmo aliandika maneno yale katika daftari lake kama nilivyomtafsiria, akayapigia mstari. Nadhani aliyaelewa kuliko mtu yeyote. Suala zima la mwaka ule lilikuwa hilo tu: je, watalala?

Ukaitishwa mkutano. Anselmo alibandika michoro ukutani: dungu kubwa la vyumba sita, nguzo za boriti, sakafu ya fito zilizochongwa, paa refu la makuti, ngazi pana. Ilikuwa michoro mizuri kuliko yote aliyochora kwetu, na mingine mkono wangu ndio ulioimalizia. Watu walitazama. Walisema vizuri, walisema tunashukuru, walisema Mwenyezi Mungu awazidishie. Mzee mmoja aliuliza, "Na bati litakuwepo?" Nikatafsiri kwamba anauliza habari ya paa. Anselmo akaeleza kwa dakika kumi ubaridi wa makuti, na mzee akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema, "Haya bwana, wewe ndiye mtaalamu." Nikamwambia Anselmo: amekubali. Mtu wa kwetu hamkatalii mgeni aliyekuja na kheri mkononi, hasa mgeni mwenye mvi. Humwachia. Mimi nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, nikatafsiri maneno nikaacha maana, kwa sababu maana yake ilikuwa inaharibu mchoro wangu.

Chumba cha mfano kilijengwa baada ya mavuno. Mafundi wa palepale walikijenga kwa mikono iliyozoea, na Anselmo alikaa nao, akifunga kamba na kufungua, akibishana nao kwa vidole juu ya urefu wa nguzo. Nimeingia majumba mengi tangu wakati ule, nami nasema bila kusita kwamba kilikuwa chumba kizuri kupita vyote nilivyowahi kuviona. Upepo ulipita bila kuombwa. Mwanga uliingia kwa mistari, ukatembea sakafuni siku nzima, na ukilala pale ulisikia maji yakijaa chini yako polepole. Lidia alitumiwa picha, akajibu kwamba watu wa majarida wanataka kuja. Akaongeza kwamba studioni pana meza yangu, mwakani nikafanye kazi nao Porto mwaka mmoja, Anselmo amekwisha sema. Nilisoma barua ile mara nyingi kuliko inavyostahili barua ya kazi.

Wanawake walikuja. Nesi Tatu alimwita kila ambaye miezi yake imetimia, wakapanda, wakakaa, wakasifu, wakanywa chai. Ikifika alasiri walishuka mmoja mmoja, na jioni ungewakuta wamelala chini kwenye sakafu ya saruji ya baraza la zahanati, na wengine wamerudi makwao. Anselmo alisema ni mbu, tukaleta vyandarua. Hawakulala. Akasema ni ngazi, mwanamke mjamzito ataipandaje, tukaifanya pana zaidi na ya mwinuko mdogo, yenye kishikio. Wakaisifu ngazi. Hawakulala. Akasema ni haya, fito zinaonesha ndani, tukatundika mikeka ukutani. Wakasema sasa ndiyo kabisa, pamependeza. Akaniuliza kila mara, "Wanasemaje?" nami nikamjibu kila mara walichosema.

Siku niliyoisikia kweli nilikuwa nimelala chumba cha nyuma cha Nesi Tatu, kichwa kinauma. Uani walikuwepo wanawake wawili wanamenya mihogo, wote na matumbo yao, nao hawakujua kama nipo. Mmoja alimwuliza mwenzake kama amepaona pale palipojengwa.

"Nimepaona. Pazuri."

"Pazuri kwa kutazama. Ungelala?"

"Kha! Mie? Mie nimeshuka dunguni juzi, na tumbo hilihili, nimepiga madebe kufukuza nguruwe hadi sauti imekauka. Leo nije huku niambiwe nipumzike. Wapi? Dunguni!"

Walicheka, wakaacha kumenya.

"Mume wangu mie kanambia wazi. Kasema nikusindikize mwendo wote ule nikakulaze dunguni? Watu waseme mkeo kaenda zahanati kulinda mpunga?"

"Nesi anasema Wazungu ndivyo wanavyopenda."

"Wanapenda wao, walale wao. Na ati si Mzungu. Kuna binti wa Kibiti, ndiye aliyemchorea."

"Basi huyo binti hajalala dunguni."

Nilikuwa nimelala dunguni misimu sita, tangu nina miaka saba. Nilijua moshi unavyokaa machoni usiku kucha, mkeka unavyolowa kwa chini, na jinsi mtoto anavyobana mkojo kwa kuwa kiboko anapumua karibu na ngazi. Hayo sikuyachora. Nilichora kivuli na upepo, dungu la mtu aliyekwisha kuondoka, nikampa mgeni, naye akaamini kwamba ndilo lote. Nilisikia aibu, aibu ya kawaida kabisa, ile inayopasha masikio moto. Maneno ya yule mama wa pepeta yalikuwa yameniambia jambo hilihili mapema, nikayameza.

Tulirudi Kibiti, nami nikakaa kimya siku mbili. Nikisema nilikuwa natafuta maneno nitakuwa nadanganya. Nilikuwa naifikiria ile meza ya Porto. Siku ya tatu asubuhi Anselmo alikuwa anachuja kahawa yake, amenipa mgongo, nikasema, "Mzee, hawatalala."

"Kwa nini?"

Nikamweleza yote, pamoja na madebe na mume. Alisikiliza bila kugeuka. Kisha akauliza nimelijua hilo tangu lini. Nikasema tangu juzi. Halafu nikasema, "Hapana. Tangu mkutanoni."

"Wewe ndiye uliyelichora," akasema, akachukua kofia, akatoka.

Hakuongea nami siku nne. Alikaa chumbani kwake, nami nikakaa ofisini mbele ya milango minne, nikichonga penseli. Uani Bi Siwema alinisimamia na sinia. "Mmegombana na mzee?" Nikasema hatujagombana. "Basi mbona wali unarudi? Mtu mzima hasusi chakula bure, mwanangu. Kama umemkosea, mwombe radhi, na kama kakukosea, mwombe vilevile, tule."

Siku ya tano alikuja mkekani mwenyewe, akakaa, akavunja kanuni yake. Alizungumzia kazi, akianzia na ya zamani. Alisema katika mtaa wake wa kwanza, ule wa baada ya mapinduzi, aliacha jikoni wazi, bila ukuta, ili mama wa nyumba asifungiwe peke yake na masufuria. Watu walishukuru. Alipopita baada ya mwaka akakuta kila nyumba wamejaza tofali pale palipokuwa wazi, kwa mikono yao, tofali za kuokota. Harufu ya samaki ilikuwa inaingia kwenye viti vya wageni. Na mama mmoja akamwambia kwamba jikoni, baada ya tofali zile, ndicho chumba pekee ambacho mlango wake aliweza kuufunga. "Sikukanyaga tena mtaa ule miaka kumi na moja," akasema. "Nilisema hawajui kuishi. Nilikuwa kijana, niliweza kusema hivyo." Akala tonge mbili. Bi Siwema, ambaye hakuwa ameelewa hata neno, alimsogezea bakuli la mchuzi.

"Sasa wanataka nini?" akaniuliza.

"Nyumba."

"Ile ni nyumba."

"Nyumba ya tofali, Mzee. Bati, na mlango wenye ufunguo. Wapumzike kama watu wanaopumzika."

Akaonesha kwa kidole duka la jirani lililoonekana juu ya ua, tofali za saruji, bati, rangi ya buluu iliyoishia nusu ya ukuta. "Kama lile?"

"Kama lile."

Alilitazama duka lile muda mrefu, naye alikuwa analipita kila siku. Kisha akasema, "Lichore."

Nilichora siku nne, vyumba sita katika mstari mmoja, kila kimoja na mlango wake na dirisha lake. Alinisahihisha mara tatu tu. Msingi uinuliwe kwa mawe na kifusi hadi juu ya alama ambayo maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita yote, huiacha kwenye mashina ya mikoko. Paa litokeze mbele liwe na baraza ambalo mtu anaweza kulala mchana. Na kati ya ukuta na bati ibaki nafasi yenye wavu, joto litoke. Hakuongeza kitu kingine, wala hakunisifu. Ramani ilipokamilika, alikaa mbele ya kile kisanduku cha pembeni ambamo jina la msanifu huandikwa, jina ambalo lilikuwa limeandikwa kwenye benki, kwenye maktaba, kwenye makumbusho. Akalifuta. Akaandika langu, Mwajuma, kwa zile herufi zake zilizosimama wima. "Hii si yangu," akasema.

Nimejiuliza mara nyingi kama alinipa au alinitupia. Bi Siwema alisema kakupa, useme asante. Nesi Tatu alisema kaona aibu ya tofali, kakuachia wewe. Mimi nadhani mwenyewe alikuwa hajaamua. Watu wa majarida waliambiwa wasije, na safari ya Porto haikutajwa tena, si na yeye wala na mimi, hadi kijana mmoja wa Kireno aliyepita Kibiti akaniambia bila ubaya wowote kwamba ile meza amepewa mtu mwingine. Siku ile nilikwenda chumba cha stoo, nikakaa juu ya mifuko ya saruji, nikalia kwa sauti. Nilikuwa nimeitaka sana. Kisha nikanawa uso, kwa kuwa lori la tofali lilikuwa linasubiri hesabu ya kwenda Nyamisati.

Chumba cha mfano alikivunja Anselmo mwenyewe. Hakuruhusu mafundi wakate kamba. Alifungua fundo moja moja kwa siku mbili, akapanga boriti kwa urefu wake, na boriti zile zikatumika kutengeneza gati dogo la kushukia wagonjwa. Nilimtazama kwa mbali. Nilimwonea huruma, na sikuweza kumwambia, na hata ningeweza asingetaka. Ujenzi wa nyumba ya tofali haukuwa na la kusimulia. Tofali zilikuja kwa boti siku za maji makubwa, nyingine zilivunjika, fundi mmoja aliumwa, bati zikachelewa. Anselmo alikuja kila wiki kupima msingi kwa kamba na maji, akarudi. Mwenyekiti wa kijiji, siku bati la kwanza lilipopigwa, alitoka nje kulitazama, na watu wakatoka naye.

Nyumba ilikamilika kabla ya masika. Nesi Tatu alifunga funguo sita kwa utambi wa taa, akazitundika shingoni, na katika wiki ya kwanza akazigawa nne. Anselmo alikuja kwa mara ya mwisho, tiketi yake ya kurudi kwao ikiwa tayari. Tulifika asubuhi, maji yanajaa. Kulikuwa na chungu kimewekwa barazani, ndoo, watoto wawili wa mtu, kanga zimeanikwa kwenye kamba ambayo mtu alikuwa ameifunga kutoka nguzo hadi nguzo, ikakata uso wote wa nyumba. Anselmo alipita chini yake akiinama. Katika chumba cha pili mlango ulikuwa wazi, na ndani mwanamke nisiyemjua, tumbo limeshuka, alikuwa anagongomelea msumari ukutani kwa jiwe, atundike chandarua. Plasta ilikuwa bado changa. Kila akigonga ilimeguka ikaanguka kitandani.

Anselmo alishtuka kama aliyepigwa yeye. Lidia aliwahi kunihadithia kwamba kule kwenye makumbusho ya kuta nyeupe alikuwa akirudi kila mwaka kukagua kama kuna mtu aliyethubutu kupiga msumari. Akaniambia, kwa haraka, nimwombe mama asimame kwanza: fundi atakuja mchana huu, atamtilia kulabu imara pale juu kwenye mbao za paa, katikati ya kitanda, ndipo panapofaa. Nikamwambia yule mama yote, kwa ukamilifu. Alishusha jiwe, akamtazama mzee kuanzia kofia hadi viatu, akatazama zile mbao, akatazama kitanda chake.

"Mwambie hapana," akasema. "Mie nalala huku, nataka hapa."

Ningeweza kulizungusha. Nilikuwa na mwaka mzima wa mazoezi.

"Anasema hapana," nikamwambia Anselmo. "Yeye ndiye anayelala, na anataka hapo."

Alisimama mlangoni. Msumari aliokuwa anaugonga ulikuwa umepinda, mingine mitatu ilikuwa sakafuni karibu na mguu wa kitanda, na yule mama, kwa hali aliyokuwa nayo, asingeweza kuinama. Anselmo akaingia, akainama yeye, akaokota mmoja, akampa. Yule mama aliupokea bila kumtazama, akauweka palepale alipotaka, akaendelea kugonga.